Sura ya Saba: Kiko cha Udongo, Kiko cha Milioni

Mwezi Novemba 1861, John Hanning Speke na mwenzake James Grant waliingia Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Katika kitabu cha safari yake Speke anaeleza kwamba alimkuta mfalme na ndugu yake Nnanaji wameketi chini, miguu wameikunja, na ubavuni mwao vimelazwa viko vikubwa vya udongo mweusi. Baadaye aliletewa pombe na tumbaku ya kifalme, akaisifu kwa utamu na ukali wake. Rumanyika hakuwa mtu wa kukosa kitu. Waarabu wa biashara walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu yake, na kupitia kwao shaba, ushanga na nguo za pwani zilimfikia. Siku hiyo hiyo alikuwa amevaa joho la Kiarabu. Lakini kiko chake kilikuwa cha udongo, kama viko vya raia wake. Ufalme ulionekana katika ukubwa wa kiko na katika jani lililotiwa ndani yake.

Nimeanza na Rumanyika kwa sababu swali la sura hii, kama mtu atoe fedha nyingi kununua kiko au abaki na cha bei ndogo, huku Kagera lina umri mkubwa kuliko duka lolote la mjini Bukoba. Nililetewa swali hilo na kijana wa Nshamba, wilayani Muleba, aliyekuwa na kazi ya mkataba Uholanzi na akawa anajiandaa kurudi likizo. Babu yake anavuta kiko tangu ujanani. Kijana alitaka kumletea kimoja cha maana, na kila duka aliloingia lilimchanganya zaidi: kiko hiki bei yake ni sawa na mlo wa mchana, kile cha pembeni yake, umbo lile lile na rangi ile ile, kinadai mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa kwetu. "Mjomba," aliniuliza, "hizo fedha zote zinaingia wapi?"

Nitalijibu swali hilo kwa urefu, lakini kuna neno linalotangulia bei. Hakuna kiko, cha udongo wala cha dhahabu, kinachopunguza madhara ya tumbaku. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, wakiwemo wasiovuta wanaoishi na wavutaji. Wazee wetu wengi hawaumezi moshi wa kiko, wanauzungusha kinywani na kuutoa, na kwa hiyo huamini wamesalimika. Hawajasalimika. Mdomo, ulimi na koo ndivyo vinavyopokea moto huo kwanza, na saratani za sehemu hizo ni miongoni mwa zinazowapeleka watu wa Kanda ya Ziwa Hospitali ya Bugando, mara nyingi wakiwa wamechelewa. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya uzuri wa kiko. Sura hii namwandikia anayemnunulia mzee ambaye ameshavuta miaka hamsini na hataacha kwa kuombwa.

Sasa tuushike udongo. Kiko cha kienyeji cha ukanda huu kina sehemu mbili: bori la udongo uliochomwa, na mrija wa mti au unyasi mgumu unaochomekwa ubavuni mwa bori. Weusi wake si rangi ya kupaka. Mfinyanzi huufunika moto kwa majani mabichi wakati wa kuchoma, moshi ukakosa pa kutokea, ukajiingiza katika udongo. Udongo uliochomwa hivyo una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo ilimo siri yote. Tumbaku inapoungua hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kwenda hugeuka maji machungu chini ya bori, yakaanza kugugumia na kumfikia mvutaji mdomoni. Bori la udongo huyanywa maji hayo. Ndiyo maana kiko cha udongo hutoa moshi mkavu, na ladha ya jani hubaki ya jani. Mrija mrefu nao huupoza moshi kabla haujafika kwenye ulimi.

Kasoro zake ni mbili. Bori hupata joto hadi halishikiki, na likianguka kwenye sakafu ya saruji ndio mwisho wake. Katika nyumba ya msonge yenye nyasi zilizotandikwa chini halikuvunjika kwa urahisi. Nyumba za bati na saruji ndizo zilizolifupishia maisha. Lakini bori likivunjika mrija unabaki, na bori jingine ni fedha ndogo. Ukikipima kiko hiki kwa kazi yake peke yake, yaani kutoa moshi mkavu na kuburudisha bila kumuunguza mtu ulimi, kinasimama bega kwa bega na viko vya bei mara mia yake. Nasema hivyo bila kutia chumvi, na maelezo yanayofuata yataonyesha kwa nini.

Tuvuke bahari kidogo. Huko Missouri, Marekani, katika mji unaoitwa Washington, kipo kiwanda kilichoanza mwaka 1869 kwa kutengeneza viko vya magunzi ya mahindi. Mwanzilishi wake, Henry Tibbe, alikuwa fundi wa kukereza mbao. Gunzi hukaushwa, hutobolewa katikati, hupakwa lipu nyeupe kwa nje, huchomekwa mrija, basi. Hadi leo vingi vya viko hivyo huuzwa kwa dola zisizofika 20, na watu wenye fedha za kununua chochote huvivuta. Jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha nyingi akiwa na kiko cha gunzi mdomoni. Sababu ni ile ile ya udongo: gunzi ni kavu, ni jepesi, linanyonya unyevu. Nasikitika ninapoona magunzi ya Karagwe na Biharamulo yakiishia jikoni, na simjui fundi seremala wa Bukoba anayeshindwa kutoboa gunzi.

Kiwanda hicho kilijiita Missouri Meerschaum, na jina hilo walilitwaa kwa heshima ya jiwe ambalo wavutaji wa kiko wamelitukuza kwa karne nyingi. Mershamu ni jiwe jeupe, laini, jepesi, ambalo wataalamu wa madini huliita sepiolaiti. Lililo maarufu zaidi huchimbwa Eskişehir, Uturuki. Likitoka ardhini lina unyevu na hukatika kwa kisu, likikauka huwa gumu. Vitundu vyake ni vingi kuliko vya udongo, kwa hiyo hunywa unyevu na mafuta ya tumbaku mwaka baada ya mwaka, na taratibu jiwe hubadilika kutoka weupe kwenda manjano, kisha kahawia ya asali. Mvutaji huona umri wake mwenyewe kwenye kiko.

Na jiwe hilo Tanzania tunalo. Lipo Sinya, upande wa Longido, kwenye tambarare kavu inayopakana na Amboseli ya Kenya. Uchimbaji ulishika kasi miaka ya 1950, na mjini Arusha kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ikaanza kuchonga viko vyenye chapa ya tembo na jina la Kiko. Vingi vilikuwa vya mti kwa nje na mershamu kwa ndani. Vingine vilivikwa ngozi. Vilisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na leo wakusanyaji wa huko huuziana vilivyotumika. Jiwe la Sinya ni zito na gumu kuliko la Uturuki, na si jeupe kama lile, ndiyo sababu mafundi wa Arusha walipenda kulipaka rangi ya kahawia au nyeusi, au kulificha ndani ya mti. Katika kuvuta, tofauti hiyo haina uzito. Jiwe linanyonya, kiko kinabaki kikavu.

Hapa nataka msomaji wa Muleba akae kidogo. Miaka hiyo hiyo ya 1950 ndiyo kahawa ilipowapa Wahaya fedha ambazo wazazi wao hawakuwahi kuziona. Bukoba Native Co-operative Union ilianza 1950, bei ya dunia ilipanda, na kutoka Kamachumu hadi Kanyigo watu wakajenga nyumba za bati, wakanunua baiskeli, wakalipa karo. Mkulima aliyetaka kiko cha dukani angeweza kukinunua. Bado bibi na babu waliendelea na udongo. Wengine watasema ni mazoea tu. Mimi naona walikuwa wamepima. Baiskeli ilifanya kazi ambayo miguu haikuweza. Kiko cha dukani hakikufanya chochote ambacho cha udongo hakikukifanya. Fedha ya kahawa ilikwenda palipokuwa na tofauti.

Tofauti ya dukani ilitoka wapi basi? Ilitoka kwenye mti. Viko vingi vya bei kubwa duniani hutengenezwa kwa braya, nundu inayoota shinani mwa mti uitwao Erica arborea. Mafundi wa Saint-Claude, milimani Ufaransa, waliugundua ubora wake katikati ya karne ya 19. Mti wenyewe si mgeni kwetu: jamii hiyo hiyo huota Kilimanjaro, Meru na Rwenzori, juu ya misitu, mahali pa baridi na ukungu. Nundu zinazochongwa viko hutoka nchi za Bahari ya Mediterania, ambako ardhi ni kame na ya mawe, na nundu hukua polepole ikawa ngumu mno. Huchimbwa, hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha huachwa ikauke kwa miezi au miaka. Mti huu hustahimili moto kuliko karibu miti yote mingine, nao haupitishi joto haraka, kwa hiyo bori lake hushikika mkononi. Na likianguka haliwi vigae.

Hiyo ni faida ya kweli, na ni ya kulipiwa. Kuvumilia kuanguka na kushikika mkononi ndivyo vitu ambavyo braya huvifanya vizuri kuliko udongo. Katika kunyonya unyevu braya iko nyuma ya udongo, nyuma ya gunzi, nyuma ya mershamu. Kwa hiyo kiko cha braya kinahitaji kupumzishwa. Ukikivuta leo, kiache siku nzima kikauke, la sivyo kitachacha na kunuka. Mvutaji wa kila siku anahitaji viko viwili au vitatu vya braya kwa zamu. Mtu aliyeweka fedha zake zote kwenye kimoja cha kifahari atakivuta kikiwa kimelowa, na kitamtendea vibaya kuliko viwili vya kawaida.

Sasa naweza kumjibu kijana wa Nshamba. Ukipanda kutoka kiko cha ovyo cha dukani hadi cha wastani, fedha yako inanunua vitu vinavyohisika. Unanunua mti uliokaushwa vya kutosha, usio na ladha ya utomvu. Unanunua tundu lililotobolewa sawasawa, likatokea chini kabisa ya bori, si juu yake wala pembeni. Unanunua kingo nene zinazozuia joto, na mdomo wa kiko ulionyooshwa vizuri usiochosha meno. Hapo shilingi 200,000 inaweza kufanya kazi ambayo 30,000 haikuifanya.

Baada ya hapo fedha inabadili kazi. Vipande vya braya hupangwa madaraja kwa macho: nyuzi za mti zilizonyooka kutoka chini hadi juu, bila doa, bila kitundu cha mchanga, hupatikana katika vipande vichache mno, na kwa uchache huo hupanda bei. Kiko chenye doa kidogo huzibwa kwa gundi ya unga wa mti na kuuzwa chini. Moshi wa viko hivyo viwili ni ule ule. Juu ya nyuzi linakuja jina. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, mwaka 1907, na miaka michache baadaye akaanza kutengeneza viko vyake mwenyewe. Akaweka nukta nyeupe juu ya mdomo wa kiko. Mwanzoni nukta ilimwonyesha mnunuzi upande wa juu ni upi. Baadaye ikawa ndiyo inayonunuliwa. Viko vya Dunhill vimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, sina ubishi na hilo. Kipya bei yake ni dola mia kadhaa, kwa fedha zetu hupita milioni, na vya madaraja ya juu hupita zaidi ya hapo. Kati ya 200,000 na milioni mbili, mdomo hauna habari. Jicho ndilo lenye habari, na watu wanaotazama.

Siwadharau wanaolipia jicho. Mtu anaweza kununua kitu kwa uzuri wake, na fundi aliyetumia siku nzima kusugua kipande kimoja anastahili ujira. Ninachomwomba mnunuzi ni ajue anapolipa analipia nini. Na zawadi ya mzee wa kijijini ina watazamaji wake. Pale Nshamba jioni, wageni wakikaribishwa lubisi na kahawa ya kutafuna, hakuna atakayeitambua nukta nyeupe ya London. Tembo wa Arusha watamuulizia. Hadithi ya jiwe la Sinya babu ataisimulia msimu mzima wa senene, na wageni wataomba kukishika.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Ulaya hawawezi kulijua: tumbaku ya babu. Jani linalokuzwa pembezoni mwa kibanja na kukaushwa juu ya moshi wa jikoni, au lile linalouzwa gulioni limesokotwa kama kamba, ni kali. Viko vikubwa vya madukani vimekusudiwa tumbaku laini iliyotiwa asali au matunda, ambayo mtu huivuta saa nzima. Ukijaza bori la namna hiyo jani la Muleba, mzee atapata kizunguzungu. Mnunulie kiko chenye bori dogo na mrija mrefu kiasi. Hapa bei haina ushauri wowote wa kutoa. Viko vikubwa na vidogo vya daraja moja huuzwa karibu sawa.

Dukani, kikague kwa mkono kabla ya kutazama kibandiko cha bei. Vuta hewa kikiwa kitupu: hewa ipite bila kupiga mluzi na bila kubana. Pitisha kijiti laini kutoka mdomoni. Kitokee chini kabisa ya bori katikati. Tazama ndani ya bori. Kama kumepakwa rangi nzito inayong'aa, uliza inaficha nini, kwa maana kilichofunikwa vanishi ndani na nje hakipumui. Viko vya mpingo vinavyouzwa kwa watalii ni vizuri kutazama, lakini vingine vimechongwa kwa ajili ya ukutani, na tundu lake halijawahi kufikiriwa. Kwa vya mtumba, angalia nyufa na mahali palipoungua hadi nje. Mershamu iliyopasuka usiinunue hata kama muuzaji anaapa kwa gundi yake.

Ushauri wangu kwa kijana ulikuwa huu: kama babu anafurahia kiko chake cha udongo, usimwachishe. Mwongezee kimoja ambacho udongo hauwezi kukifuata, cha kwenda nacho kanisani Rubya au kwenye gari la Bukoba bila hofu ya kuvunjika. Braya ya daraja la wastani ingetosha. Lakini kama utapata kiko cha Arusha, cha mti kwa nje na mershamu kwa ndani, hapo umepata ugumu wa mti na ukavu wa jiwe kwa pamoja, kwa bei ya mtumba. Alikipata kwa mkusanyaji mmoja wa huko huko Ulaya, kikarudi nchini kilikochongwa. Fedha iliyobaki kwenye bajeti yake nilimsihi aitumie kumpeleka babu hospitali apimwe kinywa na koo, nikamwambia akianza na hilo kabla ya kutoa zawadi itakuwa vema zaidi. Alifanya hivyo. Babu aliambiwa apunguze, na moshi autolee nje, mbali na wajukuu.

Kuna maelekezo ambayo lazima yaambatane na zawadi ya namna hii, na yule aliyenunua ayaseme mwenyewe, kwa heshima, kwa sababu mzee ana ujuzi wake na ataufuata. Kiko cha udongo husafishwa kwa kuzikwa kwenye makaa hadi uchafu wote uungue, kisha kikaachwa kipoe. Kiko cha braya kikiwekwa motoni kitageuka kuni, na mershamu itapasuka. Viko hivi viwili husafishwa kwa kupitishwa unyoya wa kuku ndani ya mrija kila baada ya kuvuta, kiko kikiwa kimepoa, maana ukichomoa mdomo kikiwa cha moto shingo huvunjika. Mara za kwanza kijazwe nusu tu, kivutwe polepole. Ndani ya braya acha tabaka jembamba la mkaa lijijenge, unene wa sarafu, linaulinda mti na moto; likizidi hapo likwanguliwe, la sivyo litavimba na kulipasua bori. Ndani ya mershamu tabaka hilo lisiachwe kabisa: lifutwe kwa kitambaa kikavu, bila kisu, na bila maji.